Swichi ya feni ya rejeta kwenye gari la zamani: uchague ipi, uifunge wapi

Gari la zamani likianza kuchemsha, wote tunakimbilia kuangalia feni. Inazunguka, haizunguki? Ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyepaswa kuiamuru izunguke, na huyo mwenye amri alikuwa amekaa wapi wakati maji yanapanda joto.

Nina Peugeot 504, kwa hiyo swali hili nimeishi nalo miaka mingi. 504, kama 404 iliyoitangulia, haikutoka kiwandani na feni ya kuzunguka muda wote. Feni yake inaendeshwa na mkanda, ila katikati mna koili ya sumaku. Maji yakipata joto, swichi inapeleka umeme kwenye koili, sumaku inashika, feni inaanza kuvuta. Maji yakipoa, inaachia. Ndivyo gari hili lilivyojengwa, na Ove Andersson alishinda Safari Rally ya mwaka 1975 akiwa ndani ya 504. Leo kaboni zinazopeleka umeme kwenye koili zimeisha kwenye magari mengi. Mafundi ama wanaikaza feni kwa bolti izunguke daima, ama wanaivua na kufunga feni ya umeme. Wenye Land Rover Series, Datsun 120Y na Mercedes za enzi hizo wanafika mahali palepale kwa njia zao.

Ukishafunga feni ya umeme, swichi haikwepeki. Zipo njia nne za kuichagua, na ya tano ni ile tunayoijua wote kutoka gereji za mtaani.

Tutapima kwa lipi?

La kwanza ni maji gani swichi inayapima. Maji yanayotoka kwenye injini kupitia mpira wa juu ndiyo ya moto zaidi. Yanayorudi kwa mpira wa chini yameshapozwa. Gari likitembea, tofauti ya pande hizo mbili inaweza kufika nyuzi 10 au zaidi. Gari likisimama foleni bila upepo na feni haijawaka, tofauti inapungua na maji ya chini yanayakaribia ya juu.

La pili ni siku swichi ikigoma: je, unaachwa njiani au unafika?

La tatu ni umeme. Feni moja inaweza kula ampea 10 hadi 15 ikiwa inazunguka, na zaidi kidogo inapoanza. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, inatoa ampea 22 tu, na gari likiwa sailensi karibu haitoi kitu. Mwenye altaneta ana nafasi zaidi.

La nne ni kama gari litaweza kurudi lilivyokuwa. Rejeta iliyotobolewa imetobolewa.

La tano, spea. Swichi ikifa ukiwa Makambako saa kumi na mbili jioni, utapata nyingine?

Nyuzi joto kwanza, kabla ya duka

Swichi nyingi za joto zina namba mbili zilizogongwa kwenye shaba: 92–87, au 95–90, au 82–77. Ya kwanza ndiyo nyuzi zinazoiwasha feni, ya pili ndiyo zinazoizima. Watu wananunua kwa kuangalia namba kabla ya kuamua swichi itakaa wapi, na hapo ndipo fedha inapotea.

Chukua injini yenye themostati ya nyuzi 82, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike joto hilo. Ukiweka swichi ya 82–77 kwenye mpira wa juu, feni ikishawaka haizimi tena, kwa sababu themostati yenyewe haitaruhusu maji ya juu yashuke hadi 77. Kwa mpira wa juu, namba ya kuzimia lazima iwe juu ya themostati. 92–87 inakaa vizuri. Sasa geuza: chukua swichi ya 95–90 uiweke chini. Unapanda mlima taratibu nyuma ya semi, upepo mdogo unapita kwenye rejeta, tofauti ya juu na chini bado ipo. Chini ikifika 95, juu imeshapita 100.

Hiyo ni hatari au siyo? Inategemea kifuniko cha rejeta na mwinuko wa mahali. Usawa wa bahari, maji matupu yanachemka nyuzi 100. Nairobi, takriban mita 1,800 juu, yanachemka karibu na 94, na Mbeya ni karibu hivyohivyo. Kifuniko cha paundi 4 (za shinikizo kwa inchi ya mraba), cha magari ya zamani kabisa, kinapandisha kiwango hicho hadi kama 107 pale Dar es Salaam, lakini Mbeya kinaishia kama 102. Kifuniko cha paundi 7 kinakupa kama 107 hata huko juu. Kwa hiyo namba iliyo salama Tanga inaweza kuwa imechelewa Mbeya kwenye gari lilelile. Magari ya baadaye yenye vifuniko vya paundi 13 na zaidi yanavumilia swichi ya 92 upande wa chini. La miaka ya hamsini halivumilii.

Swichi ya kukaza kwenye rejeta

Inapima nini. Hii ndiyo njia ya viwanda vingi: swichi ya nati, mara nyingi ya milimita 22, inakazwa kwenye tangi la rejeta, kwa kawaida upande wa baridi. Inapima maji ambayo rejeta imeshayashughulikia, yaani inajiuliza kama rejeta imeweza kazi peke yake. Ukiwa barabara kuu na upepo unapita, jibu ni ndiyo, na feni inalala. Kwa kuhurumia dainamo na betri, hakuna inayoishinda.

Kufunga. Kama rejeta yako ina tundu lake, umemaliza: weka washa mpya ya shaba, kaza, unga waya. Kama haina, rejeta inavuliwa, fundi wa rejeta anatoboa na kulehemu kitako chenye nati. Rejeta za zamani za shaba zinakubali kulehemiwa vizuri. Za kisasa zenye matangi ya plastiki hazikubali.

Ikigoma. Kwa kuwa iko chini, maji yakipungua kidogo bado imezama, na hilo ni jambo kubwa. Udhaifu wake ni themostati: ikikwama imefunga, maji ya moto hayafiki kwenye rejeta, na swichi itakaa kimya imezungukwa na maji ya baridi huku silinda hedi inaungua. Hapo mwokozi wako ni geji ya joto tu, kwa sababu kipimo chake kwa kawaida kipo upande wa injini. Swichi ya mpira wa juu nayo ina udhaifu huohuo. Watu wengi hudhani haina.

Inamfaa nani. Mwenye rejeta yenye tundu tayari, mwenye dainamo, na anayesafiri mbali zaidi ya anavyokaa foleni. Spea zake ni rahisi kuliko zote, kwa kuwa nati ya 22 imetumika kwenye magari mengi ya Ulaya ya miaka ya sabini hadi tisini.

Kiungo cha alumini kwenye mpira

Hapa unakata mpira wa rejeta, unaingiza kipande kifupi cha bomba la alumini chenye nati ya swichi ubavuni, unafunga klipu mbili. Vinauzwa kwa vipimo vya ndani ya mpira, kama milimita 32, 35 au 38, kwa hiyo pima mpira wako kabla ya kuagiza.

Inapima nini. Unachagua mwenyewe. Ukiweka juu, inapima maji yanayotoka injini na inajibu haraka, lakini feni itawaka mara nyingi zaidi, hata pale ambapo rejeta ingejimudu. Ukiweka chini, inafanya kazi kama swichi ya kwenye tangi.

Kufunga. Nunua mpira mpya ukate huo, wa asili uweke sandukuni. Siku ukiuza gari, mnunuzi atakushukuru. Kata kipande kinacholingana na sehemu ya kiungo inayobaki wazi, la sivyo mpira utarefuka na kuvuta shingo ya rejeta. Weka mahali palipo nyooka. Tena, alumini iliyo katikati ya mipira miwili haina ethi, yaani haijaungana na bodi ya gari. Swichi ya mguu mmoja, inayotegemea bodi, haitafanya kazi hapo hadi uifungie waya wa ethi kwenye kiungo. Ya miguu miwili haina shida hiyo.

Na ncha ya swichi ielekee wapi? Nitalieleza hili kwa kirefu kwa sababu lilinigharimu. Fundi aliyenifungia aliweka kiungo kwenye kilele cha mpira wa juu, swichi ikitazama juu, na mimi nilikubali kwa sababu ilionekana safi na waya ulikuwa mfupi. Ruaha Mbuyuni niliongeza maji, nikafunga, nikaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Geji ikapanda. Feni kimya. Nikatafuta upenyo pembeni, nikafungua boneti, nikachomoa waya mbili za swichi na kuzigusanisha kwa kipande cha waya. Feni ikanguruma. Swichi haikuwa na ubovu wowote. Hewa iliyobaki wakati wa kuongeza maji ilikuwa imejikusanya kwenye kilele, na ncha ya swichi ilikuwa imekaa ndani ya hewa hiyo. Nyumbani nilikizungusha kiungo swichi itazame ubavuni, nikakisogeza chini karibu na rejeta. Tangu siku hiyo haijanyamaza tena.

Ikigoma. Klipu nne badala ya mbili ni sehemu mbili zaidi za kuvuja. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa baridi. Kwenye mpira wa chini klipu iliyolegea inaweza kuvuta hewa, kwa sababu pampu inanyonya upande huo.

Inamfaa nani. Mwenye gari ambalo hataki kulitoboa, na mwenye rejeta isiyokubali kulehemiwa.

Swichi ya mrija yenye kitufe cha kurekebisha

Inapima nini. Ni kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, na mrija mwembamba wa shaba wenye kidonge mwishoni. Kimiminika kilicho ndani kinatanuka kwa joto na kusukuma swichi. Kidonge unaweza kukiingiza ndani ya mpira wa juu, au kukipenyeza kati ya mapezi ya rejeta karibu na maji yanapoingilia. Kwenye mapezi hakipimi maji, kinapima chuma na upepo unaopita, hivyo kinasoma pungufu. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe zichukulie kama alama tu.

Kufunga. Raha yake ni kwamba hununui nyuzi. Unaacha gari sailensi, unatazama geji, inapofika pale unapotaka feni iwake unazungusha kitufe hadi iwake. Anayeishi Dar na kupanda Lushoto kila mwezi anaweza kurekebisha kwa kidole. Lakini mrija ukipita chini ya mdomo wa mpira, unaacha upenyo mwembamba pande zake mbili, na hapo ndipo tone linapojitokeza: kwanza alama ya kijani iliyokauka kwenye shingo ya rejeta, kisha unyevu, kisha tone kila dakika. Kipande cha raba chenye mfereji wa mrija kinasaidia, klipu nzuri inasaidia zaidi. Kwenye mapezi hakuna kuvuja, ila kidonge kisichofungwa vizuri kitatikisika kwenye barabara ya makorogesho na kusugua mirija ya rejeta hadi itoboke.

Ikigoma. Mrija ukipindwa kwa ghafla unapasuka, na ukipasuka haurekebishiki. Spea utaagiza mbali.

Inamfaa nani. Mtu mwenye mkono wa subira anayependa kulisoma gari lake, na gari linalobadilisha mwinuko mara kwa mara. Kwa gari analoachiwa dereva mwingine sina raha nayo, kwa sababu kitufe kinachozungushwa na yeyote hakina mwenyewe.

Swichi ya mkono kwenye dashibodi

Inapima nini. Haipimi kitu. Inategemea macho yako kwenye geji.

Kufunga. Ni nyepesi kuliko zote: waya mmoja kutoka relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa feni kwa amri ya swichi ndogo) hadi swichi, mwingine hadi ethi. Ongeza taa ndogo inayowaka feni ikiwa kazini. Siku ukiivua, hakuna atakayejua ilikuwepo.

Ikigoma. Anayegoma hapa ni binadamu: mazungumzo yamenoga, mtoto analia nyuma, geji imepanda. Pia gari likiwa limeazimwa, mwazimwaji hajui.

Inamfaa nani. Kama ndiyo swichi pekee, gari la maonyesho linalotembea Jumapili na mwenyewe. Kama msaidizi wa swichi ya joto, karibu kila mtu. Mwenye Land Rover anayevuka mito anahitaji kitu cha ziada: swichi ya kuizima feni kabla ya kuingia majini, kwa sababu mapanga yanayozunguka yakikutana na maji yanaweza kujipinda kuelekea mbele na kukata rejeta.

Kuunga moja kwa moja

Hii ndiyo ya mtaani: ukifungua swichi ya gari, feni inazunguka hadi ufunge. Nitaitendea haki. Haina swichi ya kufa, haihitaji namba, na imewafikisha watu wengi nyumbani. Kwa dharura ni tiba halali. Lakini kaboni za mota zinaisha mapema, dainamo haipumziki, na feni ikifa hutajua kwa sababu hukuwahi kuisikia ikianza wala kuzima. Mara nyingi fundi anayeunga hivi ametoa na themostati pia. Hapo injini inakimbia baridi, hasa asubuhi ya Njombe au Limuru: inakula mafuta zaidi, oili inashika unyevu, na silinda zinalika. Ukikuta gari lako limeungwa hivi, anza kwa kurudisha themostati, halafu rudi juu kuchagua.

Popote utakapoiweka

Swichi ya joto isibebe umeme wa feni yenyewe. Iamuru relei, relei ndiyo ibebe mzigo: waya mnene wa milimita za mraba 4 kutoka betri kupitia fyuzi hadi relei, na kutoka relei hadi feni. Swichi nyingi zinazosemwa ni mbovu zimeunguzwa miguu kwa kubeba ampea zisizo zake. Relei ina faida nyingine. Feni inayopigwa na upepo inazalisha umeme kidogo, na ikiwa imeungwa bila relei kwenye waya wa swichi ya gari, injini inaweza kuendelea kunguruma sekunde chache baada ya kuzima.

Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini mara nyingi yana ethi chanya. Swichi ya joto haijali, lakini mota ya feni itazunguka kinyume usipogeuza waya. Shika karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa kuelekea injini.

Na kabla ya kukaza swichi yoyote, mpya au ya mtumba, ipime. Ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni, ncha izame bila kugusa kitako cha sufuria, kipimajoto pembeni, tesa ya umeme kwenye miguu yake. Andika nyuzi inapofunga, yaani inapopitisha umeme, zima jiko, andika inapofungua na kuukata. Ila kumbuka Nairobi na Mbeya: maji ya sufuria iliyo wazi hayatapita 94 au 95, kwa hiyo swichi ya 95–90 haitafunga hata uchemshe mchana kutwa. Swichi nzima hutupwa kwa sababu hiyo. Huko juu tumia mafuta ya kupikia badala ya maji, upashe moto taratibu, na usiyaache jikoni peke yake.

Kwa hali yako

Rejeta ina tundu, gari ni la altaneta, unaishi pwani: swichi ya kukaza, 92–87, na swichi ya mkono sambamba nayo.

Kifuniko cha paundi 4 au 7, unapanda milima, rejeta haina tundu: kiungo cha alumini kwenye mpira wa chini na swichi ya 82–77, au juu na 92–87. Ukiwa na dainamo, chagua chini.

Gari la kukusanya ambalo hutaki hata klipu ya kigeni ionekane: swichi ya mrija, kidonge kwenye mapezi kikiwa kimefungwa imara, kisanduku kimefichwa. Kwenye 504 au 404 ambayo koili bado nzima, ulizia kwanza kaboni mpya kabla ya kuvua chochote. Ile ya kiwandani bado inaweza kazi.

Gari linaloendeshwa na watu wengi, la familia au la harusi: swichi ya joto isiyorekebishika, taa ya feni kwenye dashibodi, na kila dereva aonyeshwe zile waya mbili za kugusanisha.

Land Rover ya porini: swichi ya kukaza chini ya rejeta, ya mkono ya kuwashia na nyingine ya kuzimia mtoni, na swichi ya akiba iliyokwisha kupimwa kwenye sufuria, imefungwa kitambaa, ndani ya boksi la vifaa pamoja na washa yake ya shaba.